Kule Juu Kunabana

Siku tuliyoanua matanga ya baba, baba mdogo alinikabidhi fimbo nigawe shamba kwa macho, nami nikaipokea. Ndiyo fimbo ninayotamani ningeirudisha mkononi mwake. Ningeweza kusema, "Baba, kazi hii tuifanye kwa kamba." Maneno hayo tu. Hakuna ambaye angenipiga.

Lakini kwenye ukoo wetu kamba ilikuwa na maana mbaya. Waliopimiana kwa kamba ni majirani waliokwisha kugombana, au mwenye shamba na mnunuzi wake. Watoto wa baba mmoja hawakupimiwa. Mkubwa wao alisimama kwenye kichwa cha shamba, akatazama, akanyoosha fimbo hadi mtu aliyetumwa na kigingi afike mahali pa nusu, akasema "hapo," kigingi kikapigwa, watu wakaenda kula. Sehemu ya mbele ya mkubwa, ya nyuma ya mdogo, na zote mbili ziwe sawa. Tulikuwa wawili tu, mimi na dada yangu aliyenifuata kuzaliwa. Mama alikwisha kutangulia. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, tena nilikuwa nimefika kidato cha nne, jambo ambalo baba mdogo alilitaja mara mbili kabla ya kunipa ile fimbo.

Shamba lenyewe lilikuwa Mkula, upande wa mlimani wa barabara ya kwenda Ifakara. Lilianzia hatua chache kutoka barabarani na kupanda taratibu kuelekea Udzungwa, mfereji mmoja kushoto, mwingine kulia. Mpunga wa baba ulimea hapo tangu sijazaliwa. Kule mwisho, karibu na msitu, kulikuwa na dungu la kulindia ndege na nyani.

Kabla sijasema nilivyogawa, lazima nimzungumzie dada yangu, maana bila yeye hadithi hii ni ya mtu aliyekosea hesabu tu.

Alikuwa na jicho moja. Lile la kushoto lilichomwa na suke la mpunga alipokuwa mdogo, siku ya kupura mavuno, na likafifia hadi likawa jeupe. Wakubwa walimhurumia sana. Walisema hatajua kumimina maji kwenye chupa, hatavuka gogo, hataolewa. Alifanya yote matatu. Gogo la kuvukia mto kule kwetu mimi nilivuka nimekaa, nikijisukuma kwa makalio. Yeye alivuka amesimama, ndoo kichwani, akiniuliza kama nataka anibebe.

Namna yake ya kutazama ilikuwa ya peke yake. Kabla ya kutupa jiwe aliyumbisha kichwa kushoto na kulia, taratibu, kama kuku anayechungulia punje. Watoto wa jirani walimwita Kuku, naye aliitika. Kisha jiwe likaruka. Kwelea waliotua upande wa pili wa jaruba waliinuka kama moshi, na mmoja alibaki chini. Sikuwahi kumpiga ndege hata mmoja kwa macho yangu mawili.

"Unafanyaje?" nilimuuliza siku moja tukiwa juu ya dungu.

"Natingisha kichwa."

"Naona unatingisha. Unatingisha ili iweje?"

Alicheka. "Tingisha na wewe basi. Tazama ule mgomba, halafu tazama mlima. Umeona? Kilicho karibu kinakimbia. Kilicho mbali kinanisubiri. Kinachokimbia sana ndicho cha kupiga."

Nilijaribu. Ni kweli, mgomba ulikimbia na mlima ulisubiri. Nilikuwa nimeishi miaka kumi na mbili bila kuona jambo hilo, nikiwa na macho kamili.

Nilipokuwa sekondari, mwalimu wetu wa sayansi alituonyesha jambo jingine. Alitupeleka relini, akatusimamisha katikati, akatuambia tutazame mbali. Reli zile mbili zilikaribiana, zikakaribiana zaidi, hadi zikawa kama zimeshonwa pamoja. Akauliza, "Treni itapitaje pale?" Tukacheka. Tuliporudi darasani alichora mistari miwili inayokaribiana kwenda juu, kama reli, na katikati yake akachora vijiti viwili, kimoja chini, kimoja juu. Darasa zima tukasema cha juu ni kirefu zaidi. Akamwita mmoja wetu apime kwa rula. Vilikuwa sawasawa.

Alitueleza vizuri, na namshukuru hadi leo. Alisema akili ya mtu ikiona mistari inakaribiana, inadhani huo ni umbali. Na kitu ikikidhania kiko mbali, inakiongezea ukubwa, kwa sababu inajua vitu vya mbali huonekana vidogo kuliko vilivyo. Inafanya hesabu hiyo bila kukuuliza. Kwa kawaida inapatia, ndiyo maana huoni mtu akinywea anapokwenda zake barabarani. Ila ukiichorea mistari ya uongo, itafanya hesabu ileile, na itakosea ikiwa na uhakika wote.

Nilirudi nyumbani likizo nikiwa nimejaa somo hilo. Nikamchorea dada yangu mchangani. Yeye alikuwa amemaliza darasa la saba na kubaki nyumbani, kwa kuwa ada ilitosha mmoja. Alitazama mchoro, akayumbisha kichwa, akacheka.

"Mbona hapa hakuna kinachokimbia," alisema.

"Ni mchoro. Sema kipi kirefu."

"Cha juu." Kisha akachuma unyasi, akaulaza juu ya kijiti cha chini, akaukata kwa kucha, akaupeleka kwenye cha juu. "Kumbe cha juu kinajidai tu."

"Ndiyo hivyo. Macho yanadanganya."

"Hayadanganyi. Yamejibu swali lao. Ukitaka kujua urefu, uliza unyasi."

Tangu siku hiyo aliniita Bwana Reli. Nikichelewa kula, "Bwana Reli, ugali uko mbali, ndiyo maana unaonekana mdogo." Nikijisifu kwa wageni, "Msogeleeni Bwana Reli kwa karibu, mtaona alivyo." Alinitania mbele ya baba, mbele ya mke wangu, hata kwenye harusi yangu. Nilijifanya kuchukia. Ukweli ni kwamba sikuwa na mtu mwingine duniani aliyenijua kiasi cha kunicheka hivyo.

Sasa nirudi kwenye ile fimbo.

Ilikuwa kiangazi, watu wanachoma mashamba, na moshi ulikuwa umeufunika mlima. Aliyekaa bonde hili anajua mlima ule haukai mahali pamoja. Mvua ikinyesha na hewa kusafika, unakuja hadi unaona mti mmoja mmoja na maporomoko ya maji yaking'aa. Moshi ukitanda, unarudi nyuma, unakuwa wa buluu, kama mlima wa wilaya nyingine. Siku ile ulikuwa wa wilaya nyingine.

Nilisimama kwenye kichwa cha shamba, wazee watano nyuma yangu. Nikaona mifereji miwili ikikaribiana kuelekea juu. Nikaliona dungu, dogo sana, mbele ya ule moshi. Moyoni nikatabasamu kama mwanafunzi aliyepewa swali analolijua. Nikajiambia, zile ni reli. Hazikaribiani, ni umbali huo. Kule juu ni kupana kama hapa, na dungu lile dogo linaonyesha jinsi kulivyo mbali. Kijana aliyebeba kigingi alitembea, nami nikamsukuma kwa fimbo aendelee, aendelee, hadi nilipoona ni nusu.

Dada yangu alikuwa amesimama pembeni na wanawake. Alitoka, akatembea hatua kama sita kufuata barabara, kisha akarudi, kichwa chake kikiyumba.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "kule juu kunabana."

"Kunaonekana kunabana."

"Hapana, kunabana kweli. Mfereji wa kulia unakunja. Na dungu haliko mbali, umesahau? Twende kwa miguu tukahesabu hatua."

Wazee walianza kunong'ona. Mmoja alisema chakula kinapoa. Mwingine akasema kwetu hatuhesabiani hatua. Baba mdogo akanitazama, akangoja.

Hapo ningeweza bado kuiweka fimbo chini. Nilichofanya ni kucheka, ili wazee wajue kwamba sijatikiswa, nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mdogo wangu, jicho moja halijui umbali."

Walicheka. Si kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka wakisikia njaa. Jicho zima la dada yangu lilinitazama bila kuyumba hata kidogo. Kigingi kikapigwa, tukaenda kula.

Nimeshayapanga makosa yangu ya siku ile mara nyingi, na naweza kuyaeleza yote. Mifereji ilikuwa inakaribiana kweli. Baba aliichimba kufuata mwinuko, na ule wa kulia ulikunja kukwepa mwamba. Mimi, kwa kuwa nilifundishwa kwamba mistari sambamba huonekana inakaribiana, nilikataa kuamini mistari inayokaribiana ninayoiona. Moshi uliusogeza mlima nyuma, na mwisho wa shamba ukarudi nyuma pamoja nao. Na dungu lilikuwa dogo kwa sababu lilijengwa dogo. Baba alilijenga upya kwa vipimo vya mtoto, ili dada yangu apande bila ngazi. Mimi mwenyewe nilimshikia baba nguzo. Nikalitazama kama dungu la kawaida lililo mbali sana, badala ya dungu la mtoto lililo karibu. Kila kitu kiliniambia shamba ni refu na pana kuliko lilivyo, nami nikasogeza kigingi juu, juu, kwenye sehemu yake.

Sikukusudia kumwibia. Lakini sitajificha nyuma ya neno hilo. Msimu uliofuata nilivuna nikajaza magunia hadi nikaazima mengine, na nikajiambia ni kwa sababu nalima vizuri kuliko yeye. Mtu asiyetaka kujua hahitaji kudanganywa na macho.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta dada yangu akichota maji mferejini. Nilijiandaa kuitwa Bwana Reli. Nilikuwa hata na jibu.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Nimemzidi mwaka mmoja na miezi. Hakuwahi kuniamkia katika maisha yake. Nilidhani ni utani mpya, nikacheka. Hakucheka. Alisimama na ndoo yake akingoja, macho chini, kama binti aliyelelewa vizuri, hadi nikalazimika kusema, "Marahaba."

Ikawa hivyo siku zote. Shikamoo kaka, habari za nyumbani, karibu kiti. Utamlaumu vipi mtu anayekuheshimu? Mke wangu alisema ni umri, dada amekua. Baba mdogo alinisifu: "Umeona? Ulipogawa kiume, adabu imeingia." Hakuna jirani ambaye angeweza kuona kilichotokea, na nisingeweza kumweleza mtu bila kuonekana mwehu. Ningesemaje? Kwamba dada yangu ananiamkia?

Baada ya misimu mitatu alimwachia jirani ile sehemu ya juu ailime, akahamia Ifakara na mume wake, wakapanga Kibaoni. Akawa fundi cherehani. Watu walishangaa, fundi mwenye jicho moja. Mimi sikushangaa. Sindano aliitunga uzi kwa kuiyumbisha kidogo mbele ya dirisha, mara moja tu, na uzi ukaingia. Futi kamba haikutoka shingoni mwake. Alipima mtu, akapima kitambaa, akapima tena baada ya kukata, na nguo zake zilikaa mwilini kana kwamba mtu alizaliwa nazo. Wake wa watumishi wa hospitali waliacha mafundi wa sokoni wakamfuata yeye. Wasukuma waliotoka na ng'ombe kule mtoni walimletea vitenge vya harusi vya ukoo mzima, na hakukosea hata bega moja.

Miaka mingi ilipita hivyo. Kisha vijana wa upimaji wakaja kijijini na vyombo vyao, kila shamba lipewe hati. Nilitembea nao siku nzima kuzunguka mipaka. Jioni kijana mmoja akanionyesha ramani kwenye karatasi. Nililiona shamba la baba likitazamwa kutoka juu, ambako hakuna mbali wala karibu. Lilikuwa na umbo la kabari ya kupasulia kuni, pana chini, jembamba juu. Sehemu yangu ilikuwa karibu mara mbili ya sehemu ya dada yangu.

"Mzee, huyu wa juu ni nani wako?" aliuliza yule kijana.

"Dada yangu."

"Walimpunja kidogo."

"Mimi ndiye niliyempunja," nikamwambia.

Nilikwenda Kibaoni kesho yake. Dada yangu alikuwa na mteja, mama mmoja mnene, aliyetaka gauni la mistari ya kusimama.

"Mistari ya kulala itanifanya pipa," alisema yule mama.

"Na ya kusimama itakufanya mnazi," dada alimjibu huku anampima kiuno. "Watu barabarani watakuona mwembamba, usijali. Ila hii futi haijui mistari. Vuta pumzi yako ya kweli, usininyime."

"We fundi una mdomo."

"Mdomo ninao mmoja, na jicho ninalo moja, vinafanya kazi kwa zamu. Geuka."

Walicheka hadi yule mama akakaa. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, nikimsikia dada yangu niliyekua naye, ambaye sikuwa nimemsikia tangu siku ya fimbo. Kisha akaniona. Akaweka futi chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, kaka. Karibu kiti."

Mteja alipoondoka nilimwekea ile karatasi ya ramani mezani. Nikamweleza yote, kwamba kulikuwa kunabana kweli, kwamba dungu lilikuwa karibu, kwamba nimemwambia mwenyekiti wa kijiji kuwa mpaka wetu ushuke hadi nusu ya haki. Alisikiliza. Alifuata mistari ya ramani kwa kidole, akatikisa kichwa kama fundi anayekubali mkato mzuri.

"Wamepima vizuri," alisema.

"Naomba unisamehe shamba."

"Shamba sikukudai, kaka. Ungekosea tu, ningekwenda kuhesabu hatua kesho yake na tungesogeza kigingi tukicheka. Mtu anakosea." Alikunja karatasi, akanirudishia. "Lakini mimi nililijua lile shamba kuliko nyote mliosimama pale. Nililijua kwa jicho hilihili. Na wewe ulikuwa unajua kwamba najua. Wengine walicheka kwa kutojua."

Ndivyo ilivyokuwa. Kati ya watu wote pale, mimi peke yangu nilikuwa nimekaa naye juu ya dungu akinifundisha kutazama.

"Nilikosa," nilisema. "Nilikosa sana, mdogo wangu."

"Nimesamehe siku nyingi. Kunywa chai, inapoa."

Mpaka ulisogezwa. Watoto wake wakalima ile sehemu, wakanishukuru kwa heshima. Nilidhani basi, sasa atanitania. Nilipanga safari za Kibaoni bila sababu, mara napeleka mchele mpya, mara suruali ipunguzwe. Kila mara nilimsikia kutoka nje akiwachambua wateja wake, na kila mara nilipoingia chumba kilinyamaza, akanipa kiti cha wageni. Hakuwa anajifanya. Alikuwa amenisamehe kweli, hilo naliamini. Ila ule mlango alikuwa ameufunga zamani, akazoea kuishi ukiwa umefungwa, na nadhani mwishoni hata yeye asingejua kuufungua.

Alipougua, aliwaambia watoto wake wasimsumbue kaka mkubwa, safari ni ndefu na ana shughuli zake. Walitii. Nilipigiwa simu asubuhi aliyofariki. Msibani walinikalisha mbele, kama anavyostahili kaka wa marehemu, na watu wakaja mmoja mmoja kunieleza vichekesho vyake, ambavyo vyote vilikuwa vipya kwangu.

Shamba lilirudi na mpunga ulirudi. Gharama ya kupokea fimbo ile, na ya kusema neno lile la jicho moja nikiwa nimeishika, ni dada yangu mwenyewe. Kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake aliniheshimu bila kunipa nafasi ya kuwa karibu naye, na alikufa bila kutaka niitwe.